UZI: Logibuku inasema 1962, boneti inasema 135. Trekta la babu ni la mwaka gani?

Mjukuu wa Bubulo

Wakubwa shikamooni, rika langu mulembe.

Nina trekta chini ya mwembe hapa kwetu Bubulo, upande wa kuteremkia Lwakhakha. Ni la marehemu babu. Halijawashwa tangu 2011, na sasa kuku wamelifanya nyumba. Juzi nimetoa mayai manne kwenye kisanduku cha spana. Logibuku (kitabu cha usajili wa trekta) iliyobaki nyumbani inasema Massey Ferguson, mwaka 1962. Hadithi ya ukoo nayo ni hiyo hiyo: babu alilinunua mwaka wa uhuru kwa pesa ya kahawa na pamba, na siku lilipofika watu waliacha makasha ya kahawa yamelowa wakaja kulitazama.

Wiki jana kaja mnunuzi kutoka upande wa Kenya. Akalizunguka mara mbili, akalipiga tairi teke, akasema, "Hili si la 1962. Hili ni la Pakistan la juzi, mmelipaka rangi tu." Akataja milioni nne. Baba mdogo amenuna mpaka leo. Mimi sikununa, nataka kujua. Nikihakikisha kwamba ni la 1962 siliuzi, nalirudisha lilivyotoka kiwandani.

Ninachoona kwa macho: boneti ni ya pembe pembe, ubavuni pana 135 iliyobanduka nusu. Injini ni silinda tatu, dizeli. Kulia kwa kiti kuna mikono miwili ya haidroliki. Kwenye dashibodi, pembeni mwa usukani, kuna kijiti kidogo ambacho hakuna anayejua kazi yake. Chini ya usukani pana matundu ya ribiti lakini kibati cha namba hakipo. Rangi ni nyekundu kote kote: boneti, injini, gia boksi, hadi nyaya za betri. Aliyepaka hakuwa na huruma.

Mzee wa Diski

Marahaba mjukuu. Mimi nilishika usukani kwenye yale mashamba ya vikundi ya enzi ya Obote wa kwanza, kwa hiyo nakuambia bila kuzunguka: mwaka 1962 hapakuwa na 135 popote duniani. Massey waliitoa mwishoni mwa 1964. Mwaka wa uhuru, trekta dogo jekundu lilikuwa 35. Aliyeona 135 siku ya bendera amechanganya bendera.

Baba Mdogo Halisi

Ndiye mimi ninayesemwa. Kijana kanifungulia akaunti nijibu mwenyewe. Mzee, kwa heshima, mwaka 1962 nilikuwa na miaka saba na nilipandishwa juu ya trekta hilo. Lilikuwa jekundu. Lilikuwa Massey. Sikuota.

Mzee wa Diski

Mdogo wangu, sibishi kwamba ulipandishwa trekta. Nabisha kwamba ulipandishwa hili.

Boda wa Nkoma

Uzeni jamani, milioni nne nusu ya pikipiki mpya ipo hapo 😂

Fundi Nozeli, Mbale

Huyu wa boda tumsamehe, ana abiria wanamsubiri.

Mjukuu, nimefungua Massey miaka ishirini na tisa. Karatasi na kibati ndivyo vinavyodanganya kwanza, maana vinabebeka. Kibati kina ribiti. Patasi na nyundo dakika mbili kimehamia trekta jingine. Logibuku inabebeka mfukoni. Boneti nayo inabebwa na watu wawili. Gia boksi haibebwi na mtu, na bloku ya injini ikibadilishwa huacha alama. Kwa hiyo tuanzie kwenye chuma kizito.

Kwanza umbo. 35 ina boneti ya mviringo, mgongo wake kama wa kobe. 135 ina pembe na uso bapa. Hapo Mzee wa Diski yuko sahihi. Tatizo ni kwamba chini ya boneti hawa ni ndugu wa tumbo moja, wote wametoka kiwanda cha Banner Lane kule Coventry, Uingereza. 35 ya kwanza, ya 1956, ilikuwa bado inaitwa Ferguson, mabati ya kijivu na injini ya rangi ya shaba. Mwisho wa 1957 ndipo ikavaa nyekundu na jina la Massey Ferguson. Dizeli yake ya mwanzo ilikuwa injini ya Standard ya silinda nne, ambayo asubuhi ya baridi unaiomba kama unavyomwomba mkwe. Mwisho wa 1959 wakaitupa, wakaweka Perkins 3.152 ya silinda tatu. Perkins hiyo hiyo ikaendelea kwenye 135. Kwa hiyo silinda tatu haikuambii ni 35 ya uhuru au 135. Mikono miwili ya haidroliki haikuambii pia, zote zinayo.

Kijiti cha dashibodi ndicho kilichoniamsha. Futa vumbi utazame kama kuna maandishi ya Hi na Lo. Kama yapo, hiyo ni Multi-Power: kila gia inagawanyika mara mbili bila kukanyaga klachi, gia sita za mbele zinakuwa kumi na mbili, mbili za nyuma zinakuwa nne. Ilianza mwishoni mwa 1962 kwenye 35X, toleo jingine la 35. Yaani hata tukikubali kwamba boneti imebandikwa tu na trekta lenyewe ni 35, bado lingekuwa limekimbia kweli kweli kutoka Coventry mpaka Bubulo kuiwahi tarehe 9 Oktoba.

Niletee mambo matatu. Maandishi ya kijiti. Namba iliyogongwa kwenye bloku ya injini, itafute karibu na pampu ya dizeli. Na stata: Lucas walikuwa wanagonga tarehe kwenye stata na dainamo zao, tarakimu mbili za mwisho ni mwaka. Usitumie tupa! Tumia dizeli, brashi ya waya laini, kisha paka chaki. Rangi ya aliyewapakia ni nene, na ukikwangua kwa hasira utakula na namba.

Mzee wa Diski

Fundi kasema vyema ila kaficha ubaya wa Multi-Power. Ikiwa kwenye Lo, injini haishikilii trekta mteremkoni. Linajiachia kama baiskeli. Kwenye tambarare za Teso husikii kitu. Kwa milima yenu ya Bugisu, na trela la kahawa nyuma, ukisahau kijiti kwenye Lo ujue umebaki na breki na Mungu.

Mjukuu wa Bubulo

Mzee, nimesoma maneno yako nikayarudia mara tatu, kisha nikampelekea bibi simu.

Babu alikuwa anachechemea mguu wa kushoto. Sisi wajukuu tuliambiwa "trekta lilimkimbia". Tukidhani ni utani wa wazee, trekta linakimbiaje mtu? Bibi kasema ilikuwa mteremko wa kuelekea mtoni, magunia yamejaa, trekta likaongeza kasi lenyewe akaruka. Likasimama kwenye migomba. Tangu siku hiyo akawa anafunga kijiti kwa mpira wa ndani wa baiskeli kisiguswe. Na kweli, mpira ulikuwepo! Mkavu, mweusi, nilidhani ni uchafu. Nimeukata leo asubuhi, chini yake maandishi ni Hi na Lo.

Namba ya injini nimeipata baada ya saa nzima na brashi. Inaanza CE, zinafuata tarakimu tano, kisha U, kisha tarakimu sita, mwisho herufi C peke yake. Zile za katikati naziacha kwa usalama. Stata ni Lucas, tarehe inaishia 67.

Fundi Nozeli, Mbale

Haya, kaeni vizuri.

CE ni ukoo wa injini, yaani ile 3.152 ya silinda tatu. Tarakimu tano ni orodha ya namna ilivyoundwa na vifaa vyake. U ni nchi, Uingereza, kwa hiyo mwambie mnunuzi wako Pakistan yake aisake kwingine. Tarakimu sita ni namba yake yenyewe. Herufi ya mwisho ndiyo mwaka. Perkins walianza mtindo huo 1974 kwa A. B ni 1975. C ni 1976.

Una injini ya 1976 ndani ya trekta lenye stata ya 1967 na logibuku ya 1962.

Stata peke yake si ushahidi, hiyo nayo ina boliti chache tu. Lakini mtu akibadilisha injini nzima kwa kawaida anachomoa stata ya zamani anaifunga kwenye mpya, maana injini iliyonunuliwa uchi huja bila stata. Naona chesisi ya katikati ya miaka ya sitini na injini iliyokuja baadaye. Swali langu ni moja: 1976 Uganda, nani alikuwa anauza injini mpya?

Kinyara Road

Samahani kuingilia, nina Ford 5000 huku Masindi na nikifungua uzi mpya hakuna atakayejibu. Imegongwa 5D18B kwenye chuma cha gia boksi karibu na stata. Muuzaji aliniambia 5 ni modeli 5000.

Fundi Nozeli, Mbale

Alikudanganya au alidanganywa. Hiyo ni tarehe ya kuundwa. 5 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka, D ni mwezi wa nne (A Januari, B Februari, na wanaruka I isichanganywe na moja), 18 ni siku, B ni zamu ya wafanyakazi. Tarehe 18 Aprili ya mwaka unaoishia na 5.

Sasa ni 1965 au 1975? Soma namba zilizosubiwa kwenye vyuma, zile zilizoinuka kama kovu, hazikugongwa. Ford waliandika muongo kwa herufi: C ni miaka ya sitini, D ya sabini. C5NN maana yake kifaa kilichorwa 1965, NN ni trekta. Angalizo: chuma cha C5NN kiliendelea kutumika miaka mingi, hivyo C haithibitishi kwamba trekta ni la sitini. Lakini ukikuta D hata moja kwenye chuma kizito ambacho hakijawahi kufunguliwa, si la 1965. Na tazama herufi ya kwanza ya namba ya trekta lenyewe: B ni Basildon Uingereza, herufi nyingine ni za viwanda vya nchi nyingine.

Kinyara Road

D4NN, D3NN, D5NN. Basi 1975. Nililipa bei ya "antiki". Asante fundi, nalia polepole.

Mama Shamba Soroti

Nami haraka haraka. Shule moja huku ina Ferguson ya kijivu, walimu wanasema ya vita vya Hitler, 1944. Kibati kinaanza TED.

Mzee wa Diski

Dada, Ferguson ya kijivu, TE20, ilianza 1946 na kuisha 1956. Vita vilikuwa vimekwisha. D kwenye TED ni ile ya mafuta ya taa, iliyoanza 1949: unaiwasha kwa petroli kutoka kisehemu kidogo cha tangi, injini ikipata moto unahamisha kwenye mafuta ya taa. TEA ni petroli, TEF ni dizeli. Uliza kama wanajua kuiwasha: fungua swichi, kisha sukuma mkono wa gia mpaka kwenye S. Haina kitufe. Nimeona fundi kijana akitafuta kitufe cha stata nusu siku, akaishia kutoboa dashibodi kuweka chake. Ile dhambi sijaisahau.

Baba Mdogo Halisi

Fundi ameuliza nani alikuwa anauza injini 1976. Hakuna. Wahindi walikuwa wameondolewa 1972, duka la spea tulilolijua mjini lilibaki na rafu na kalenda. Plagi ya pikipiki ilikuwa habari. Sabuni ilikuwa habari.

Lakini kahawa ilipanda. Kule Brazil baridi iliua mibuni 1975, bei ya dunia ikapaa, na huku serikali inalipa kwa karatasi. Wakubwa mnajua kilichofuata. Magendo. Watu walibeba kahawa usiku hadi Chepkube, upande wa Kenya, wengine walipitia mtoni hapa Lwakhakha. Marehemu baba sitamsema, ila kuna usiku mmoja niliamshwa nikashike taa. Wanaume wanane walitoka mtoni na kitu kimening'inizwa kwenye miti miwili, kimefunikwa turubai, maji yanachuruzika. Nilidhani ni maiti. Nilikaa na wazo hilo wiki nzima, maana kiliwekwa ghalani na tukakatazwa kuingia. Kisha trekta, lililokuwa limekaa mwaka mzima, likawaka.

Sikuwahi kuunganisha mambo hayo mawili hadi niliposoma hapa herufi C.

Mzee wa Diski

Basi ndiyo hiyo. Pole na usiku ule.

Boda wa Nkoma

Siongei tena juu ya pikipiki.

Mjukuu wa Bubulo

Nimerudi baada ya siku tatu, mtandao huku ni wa kuvizia.

Jumapili nilikaa na bibi. Nikamuuliza juu ya kibati. Akaniambia nimletee mkebe wa vifungo. Chini ya vifungo, sindano na medali ya kanisa, kibati kipo! Kimeandikwa MF 135, kimetengenezwa Uingereza, namba ina tarakimu tano na inaanza 80. Bibi kasema kilitolewa na mpakaji rangi kisichafuke, babu akampa akiweke, kisha akafa mpakaji rangi, akafa babu, hakuna aliyeuliza.

Na matrekta yalikuwa mawili. La kwanza lilinunuliwa mwaka wa uhuru kweli. Bibi kalieleza kwa mikono: "Lilikuwa na kichwa cha mviringo." Fundi, nilipata msisimko. Hilo gia boksi yake ilipasuka, likauzwa kama chuma chakavu. Hili la pili alilinunua mkononi kwa mtu wa Tororo, bibi anakumbuka ni mwaka aliojifungua shangazi, yaani 1969. Logibuku ya pili haikupatikana kamwe. Babu akahamisha namba za usajili za la kwanza akazifunga huku. Kwake yeye Massey ilikuwa Massey.

Fundi Nozeli, Mbale

Elfu themanini na kitu kwenye 135 ya Coventry ni 1967. Inalala kitanda kimoja na stata yako. Nimeridhika, na mimi si mwepesi wa kuridhika.

Kwa hiyo ukilirudisha, rudisha 135 ya 1967. Mabati mekundu, injini na gia boksi kijivu, rimu rangi ya fedha. Usiamini makopo ya rangi yaliyoandikwa "Massey red", nyekundu zake ni nyingi. Fungua betri na kishikio chake, kwangua chini yake, na nyuma ya dashibodi, mahali ambapo brashi ya yule bwana haikufika. Hapo ndipo rangi ya kiwandani inapojificha. Uingereza walilazimisha kebini za usalama kwa matrekta mapya kuanzia 1970, kwa hiyo lako halikuzaliwa na kebini. Usikubali kuuziwa kebini "orijino".

Injini ya 1976 iache. Wapo watakaokwambia utafute bloku ya 1967. Ni Perkins ile ile, na hiyo imevuka mto kwa mabega ya watu.

Kibati kirudishe kwa ribiti kwenye matundu yake. Logibuku usiifanyie ujanja. Peleka trekta likakaguliwe, isomwe namba halisi, karatasi irekebishwe. Usimruhusu mtu yeyote agonge namba mpya juu ya chuma ili ifanane na karatasi. Wapo wanaofanya hivyo kwa elfu hamsini, na trekta halitauzika kwa mtu mwenye akili.

Mama Shamba Soroti

Fundi, shule imekuta hiyo S. Imekohoa mara mbili. Tunakuja Mbale kwa kabureta.

Baba Mdogo Halisi

Mzee wa Diski, nilipandishwa la kichwa cha mviringo.

Mzee wa Diski

Ndivyo nilivyosema mdogo wangu. Na mimi nilisema hukuota.

Baba Mdogo Halisi

Hilo nililisema mimi.

Mjukuu wa Bubulo

😂 Wazee wangu, basi.

Taarifa ya mwisho kwa leo. Chini ya kishikio cha betri nimekuta kijivu safi, ukubwa wa kiganja. Kuku wamehamishwa, mmoja amekataa. Tangi nimelimwaga, dizeli imekuwa kama uji wa wimbi. Mnunuzi alipiga simu akapanda hadi sita, nikamwambia ni la 1967, la Coventry, na haliuzwi.

Kibati nimekifunga jana jioni, bibi ndiye aliyeshika tochi. Logibuku ya 1962 nilitaka kuiweka kwenye faili niende nayo kwa ukaguzi, baba mdogo kasema nipige nakala, ile yenyewe isitoke nyumbani. Ameikunja akaiweka kwenye mkebe wa vifungo, pale kibati kilipokuwa.